Studio imelitelekeza gemu, sosi kodi inaificha ya nini?

#1 KitufeX
Wakuu habari zenu.

Nina gemu moja la vita la kompyuta, lile la kujenga kambi na kutuma majeshi, silitaji jina maana nawajua nyie, uzi utageuka kuwa wa kulichambua gemu. Studio iliacha kutoa pachi za marekebisho zamani, seva ya maltipleya (kucheza wengi mtandaoni) ilishazimwa, ukiliweka kwenye mashine ya kisasa linagoma kufunguka mpaka uchokonoe mafaili kwa mkono, na bado dukani lipo linauzwa kama kawaida. Mashabiki tukakaa tukaandika ombi la heshima kabisa, tupeni sosi kodi, yaani yale maandishi ya programu ambayo gemu limejengwa nayo. Hatutaki muziki, hatutaki picha, hatutaki hata senti. Tupeni kodi turekebishe wenyewe na nyie muendelee kuuza. Jibu likaja mstari mmoja: kodi ni mali ya kampuni, hatuna mpango wa kuiachia.

Mi nasema hivi, studio ikishaacha kulihudumia gemu basi ifungue kodi. Inapoteza nini? Anayepinga aje na sababu, matusi abaki nayo.

#2 Nasoma Tu
Nimeweka kambi, ngoja waje.

#3 Bibi Pikseli
Naunga mkono na naongezea nyama. id Software, wale wenye Doom na Quake, walikuwa wanafanya hili jambo kama ratiba. Wolfenstein 3D kodi ilitoka 1995, Doom Desemba 1997, Quake Desemba 1999, Quake II 2001, Quake III 2005, Doom 3 mwaka 2011. Yaani injini mpya (programu inayoendesha gemu) ikishaanza kuingiza hela, ile ya nyuma inaachiwa watu. Na matokeo yake mnayaona, Doom ni gemu la 1993 lakini watu wamelichezesha kwenye kalkuleta, wamelichezesha kwenye kioo kidogo cha printa, ramani mpya zinatengenezwa mpaka leo, na wenyewe bado WANALIUZA. Kwa sababu waliyofungua ni injini tu, faili la WAD lenye ramani na picha na sauti bado ni lao. Injini bila data ni redio bila kituo, huna cha kusikiliza mpaka ununue.

#4 Zeze la Usiku
Mi napinga. Hiyo "ifungue" ya mleta mada imetoka wapi? Ulinunua ruhusa ya kucheza, hukununua karakana na vifaa vya fundi. Watu wamekesha miaka wakiandika hiyo kitu, leo kwa sababu we kompyuta yako mpya inasumbua basi waje wakukabidhi kila kitu? Wakipenda watoe, wasipopenda ni haki yao na maisha yanaendelea.

#5 Joto Ridi
Zeze utakuwa ndo we uliyeandika lile jibu la mstari mmoja 😂😂

#6 Zeze la Usiku
> Joto Ridi alisema: utakuwa ndo we uliyeandika lile jibu

Ningekuwa mimi ningeandika neno moja tu. Hapana.

#7 Mnoko wa Leseni
Bibi heshima yako, ila hapo kwenye Doom ya 1997 tuweke sawa. Kwanza leseni ya mwanzo ilikuwa ya kutofanyia biashara, ile GPL tunayoijua, leseni inayoruhusu yeyote kutumia, kubadili na kugawa kodi, ilikuja 1999. Pili hawakutoa ile kodi ya DOS watu waliyokuwa wanacheza, walitoa ya Linux, kwa sababu maktaba ya sauti (kodi iliyoandikwa tayari) ya kwenye DOS ilikuwa ya mtu wa nje na hawakuwa na haki ya kuigawa. Carmack mwenyewe, mwandishi mkuu wa kodi pale id, kwenye maelezo yaliyokuja na kodi aliandika kwamba kutumia hiyo maktaba ya watu lilikuwa kosa.

Sasa KitufeX anauliza "inapoteza nini". Mi naanza mbali zaidi, je kodi ni yake yote? Gemu la kibiashara kodi yake ni mchanganyiko. Video za katikati zinachezwa na Bink, sauti ni Miles au FMOD au Wwise, fizikia ni Havok, zote kodi za kampuni nyingine, na kama lilitoka kwenye konsoli basi kuna vipande vya Sony au Nintendo au Microsoft vilivyosainiwa mkataba wa siri. Studio haiwezi kugawa kisicho chake hata ikiwa na moyo mweupe kama maziwa. Hata hiyo Doom 3 ya 2011, kuna mbinu ya kuchora vivuli ambayo Creative walikuwa na hataza yake, wanasheria wakasita, ikabidi Carmack aandike upya kile kipande ndo kodi ikatoka. Huyo ni Carmack, anaandika upya kabla chai haijapoa. Studio ya kawaida nani atafanya hiyo kazi, na analipwa na nani?

#8 Nasoma Tu
Mnoko leo kaja na faili zima.

#9 Fundi Nyaya
Mnoko kaongea kweli ila kuna sababu nyingine hawaisemi hadharani, AIBU.

Nimewahi kufanya kazi studio ndogo, siitaji. Mradi ulipofungwa bosi akasema tuangalie kama tunaweza kuwaachia mashabiki kodi, basi tukapewa mimi na mwenzangu tuipitie. Weeee. Nywila za seva zimeandikwa humohumo kwenye kodi, kuna folda zima lililoandikwa na kijana wa mkataba ambaye mkataba wake hakuna anayejua uko wapi, kwa hiyo hata haijulikani kile kipande ni cha nani, halafu komenti, jamani komenti. Kuna fanksheni maelezo yake yote ni matusi kwa prodyuza kwa jina lake. Kusafisha ile kitu ni kazi ya wiki nyingi na hakuna anayelipia, tukaambiwa achaneni nayo, endeleeni na mradi mwingine. Mashabiki wakajibiwa kwamba ni "sera ya kampuni". Sera gani, ni uchovu tu.

Na mkitaka kujua aibu inavyofanya kazi kumbukeni VVVVVV. Januari 2020 mtengenezaji wake Terry Cavanagh katoa kodi yake kusherehekea miaka 10 ya gemu, watu siku hiyohiyo wakaenda kuangalia wakakuta mantiki ya gemu zima imekaa kwenye switch moja (orodha ya ikiwa hivi fanya hivi) ndefu kama treni, mtandao ukacheka wee. Gemu zuri, limependwa dunia nzima, mtu kakupa bure, we unacheka mistari. Sasa mwenye studio akiona vile kesho atafungua?

#10 Mchungaji wa Bagi
> Fundi Nyaya alisema: Sasa mwenye studio akiona vile kesho atafungua?

Lakini malizia hadithi. Baada ya kucheka watu walikaa chini wakarekebisha bagi na kulifanya liende vizuri zaidi, na wengi walijifunza kwamba gemu zuri halihitaji kodi ya kupendeza. Cavanagh mwenyewe hakuficha kwamba ilivyo ndivyo ilivyo. Wenye gemu la Celeste nao walitoa faili la kodi ya mhusika unayemchezesha, faili MOJA, maelfu ya mistari, na wanafunzi wa gemu wanalisoma kama kitabu kujua kwa nini kuruka kwenye lile gemu kunapendeza vile. Aibu ni ya siku mbili.

#11 Fundi Nyaya
Mchungaji aibu ya siku mbili ukiwa unatafuta kazi mwezi huohuo siyo ya siku mbili.

#12 Lagi Mkuu
Mmeongea yote mmesahau kubwa, MACHITI, wachezaji wa udanganyifu. Gemu lolote la maltipleya ukifungua kodi umewapa machiti ramani ya nyumba. Quake ilipofunguliwa 1999 haikuchukua muda watu wanacheza na klaenti (programu ya upande wa mchezaji) walizozikompaili wenyewe, yaani wamegeuza kodi kuwa programu, ukuta wanaona kupitia, kulenga kunajilenga. Mimi nikiwa shabiki sitaki gemu langu lifunguliwe, nataka nicheze kwa amani.

#13 Mchungaji wa Bagi
Lagi kaka hiyo hoja naiheshimu ila haikai. Magemu ya kupigana risasi yaliyofungwa kwa kufuli saba leo hayana machiti? Machiti wa leo hasubiri sosi kodi, anasoma memori ya programu ikiwa inaendesha, kodi haimhusu. Na usalama wa kweli unatoka kwenye seva kutomwamini klaenti, ukiwa umeandika seva inayoamini kila inachoambiwa utaibiwa tu, kodi iwe wazi isiwe wazi. Mwaka 2022 studio ya FromSoftware walizima seva za Dark Souls za PC kwa sababu kulikuwa na shimo ambalo mtu angeweza kuendesha programu kwenye kompyuta ya mwenzake. Kodi ilikuwa wazi? Haikuwa wazi. Shimo lilipatikana hivyohivyo.

#14 Lagi Mkuu
Sijasema kufunga kunamaliza, nasema kufungua kunarahisisha. Kuna tofauti ya machiti mmoja mwenye akili anayekaa miezi kuchunguza memori na kila mtoto anayeweza kubadili namba moja akakompaili. We hilo unalikataaje? Na seva "kutomwamini klaenti" ni maneno mazuri, kwenye gemu la risasi klaenti lazima ajue adui yuko wapi nyuma ya ukuta ili amchore akitokea. Akijua basi machiti naye kajua.

#15 Mchungaji wa Bagi
Kwenye hilo la ukuta nakupa nusu.

#16 Joto Ridi
Kapewa nusu jamani andikeni historia.

#17 Sauti ya Korido
Nyote mnazunguka mbuyu, sababu ni moja tu, kampuni haiuzi gemu tena, inajiuza yenyewe. Kodi ikiwa imefungwa inaandikwa kwenye mali za kampuni, mnunuzi akija anaikuta. Notch, aliyeitengeneza Minecraft, wakati inaanza aliandika kabisa kwenye ukurasa wa gemu kwamba mauzo yakishaanza kufa na muda ukapita ataiachia kodi. 2014 Microsoft wakaja na dola bilioni 2.5, mauzo hayajafa mpaka leo, mnasubiri nini? id nao angalieni, ZeniMax waliwanunua 2009, Doom 3 ikatoka 2011 kwa vile Carmack bado alikuwa ndani anasukuma, 2013 kaondoka, kimya. Haikuwa sera ya kampuni, ilikuwa mtu mmoja mbishi. Ukitaka kodi usiiandikie studio, mtafute huyo mbishi aliyebaki ndani.

#18 Bibi Pikseli
Sauti umesema vizuri ila 2011 haikuwa ya mwisho, Doom 3 BFG Edition ya 2012 nayo kodi ilitoka. Na Minecraft siyo kwamba walikaa tu, 2019 studio yake Mojang walitoa orodha za majina halisi ya ndani ya kodi ili wanaotengeneza modi (nyongeza za mashabiki) wasiendelee kukisia kila toleo. Siyo kufungua, lakini ni dirisha.

#19 Sauti ya Korido
Dirisha lenye nondo bibi.

#20 Zeze la Usiku
Nimerudi na ushahidi maana naona mnajibebisha. Lugaru, lile gemu la sungura wanaopigana. Wolfire wenye gemu hilo walifungua kodi 2010 baada ya ile Humble Indie Bundle ya kwanza, fungu la magemu la kujipangia bei, kupita dola milioni moja, watu wakashangilia, roho nzuri hiyo. Mwaka uliofuata mtu kachukua gemu zima kaliweka kwenye duka la Apple kwa jina la Lugaru hivyohivyo, kwa bei ya chini kuliko ya wenyewe! Mwenye gemu anashindana na gemu lake. Hiyo ndo "inapoteza nini" yenu.

#21 Mnoko wa Leseni
Zeze umeleta mfano mzuri ila umeubeba kichwa chini. Kilichofunguliwa kwa GPL kilikuwa kodi, picha na sauti na ramani hazikuwa za kuuzwa na mtu mwingine. Yule aliyeuza alivunja masharti ya data, hakutumia haki ya kodi. Angeweza kuiba vilevile gemu likiwa limefungwa, ni kunakili tu.

#22 Zeze la Usiku
Angeweza, ila hakufanya mpaka kodi ilipotoka. Na wakati studio ya watu wachache inabishana na duka kuhusu nani mwenye haki, bili zinasubiri?

#23 Fundi Nyaya
Hapo kwenye bili Zeze kagonga. Haki yako kwenye karatasi na nguvu ya kuidai ni vitu viwili.

#24 Mchungaji wa Bagi
Kuna mtu juu huko ameongea kama vile kuomba hakusaidii. Warzone 2100! Gemu la 1999, la kujenga kambi na majeshi kama hilo la KitufeX, studio yake Pumpkin ilifungwa, msambazaji Eidos, mashabiki wakaomba na kuomba, Desemba 2004 kodi ikatoka kwa GPL pamoja na data. Leo hii ninavyoandika gemu liko hai, linatolewa matoleo mapya, bure, kwenye mashine yoyote. FreeSpace 2 vilevile, watengenezaji wake Volition walitoa kodi 2002, ukiliangalia lile gemu la 1999 leo utadhani ni jipya.

Na kuna walioshindwa pia niwe mkweli. Ryzom, gemu la mtandaoni, 2006 kampuni imefilisika, wachezaji wakachanga ahadi walinunue, mpaka Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huria, wakaahidi dola 60,000. Wakashindwa, likachukuliwa na wengine. Halafu kichekesho, 2010 wamiliki waliokuja baadaye wenyewe wakaifungua kodi, seva na klaenti, na picha za 3D nyingi juu yake. Hakuna aliyewalazimisha.

#25 Nasoma Tu
Hii ya Ryzom sikuwa naijua, asante.

#26 Pini ya Disketi
Wageni tunaruhusiwa? Mbona hakuna anayesema uwezekano ulio wazi kabisa, labda kodi HAWANA. Wamepoteza. Konami walipotaka kutengeneza Silent Hill HD Collection ya 2012 kodi ya mwisho hawakuwa nayo, watengenezaji wakapewa toleo ambalo halijakamilika na kurithi bagi ambazo wa kwanza walishazimaliza. StarCraft, diski yenye kodi yake ilikutwa na mtu 2017 kwenye boksi la vitu alivyonunua eBay, akawarudishia Blizzard. Jordan Mechner kodi ya Prince of Persia ya Apple II ilipatikana 2012 kwenye disketi zilizokuwa zimesahaulika kwenye boksi, ikabidi watafutwe wataalamu wa kuzisoma. Sasa studio itakuandikia "samahani tumepoteza"? Si itakuandikia "mali ya kampuni".

#27 Joto Ridi
Yaani wamekataa kutoa kitu ambacho hawana. Hiyo nimeipenda.

#28 Sauti ya Korido
Na hiyo ndo sababu kubwa ya kufungua mapema, kodi iliyoko kwa watu elfu haipotei.

#29 Zeze la Usiku
Au waweke nakala vizuri tu, siyo lazima wagawie dunia ili wasipoteze.

#30 KitufeX
Nimewasoma wote, asanteni. Mnoko aliposema habari za vipande vya watu nikaenda kufungua orodha ya majina mwisho wa gemu. Nimekuta nembo za Bink, Miles, na GameSpy. Havok haipo. Hii inamaanisha tumekwama au?

#31 Mnoko wa Leseni
Bink na Miles zote zilitengenezwa na kampuni ya RAD. Ni zao, studio haiwezi kukupa. GameSpy, huduma ya kuunganisha wachezaji mtandaoni, ilishakufa, ilifungwa 2014 na ndo maana magemu mengi ya zamani yalipoteza onlaini kwa mkupuo.

#32 Mchungaji wa Bagi
Hamjakwama hata kidogo! Angalieni kampuni ya EA Februari 2025. Wametoa kodi za Command & Conquer ya kwanza, Red Alert, Renegade, na Generals na Zero Hour yake, zote GPL. Na Generals ilikuwa na hivyohivyo vitatu, Bink, Miles, GameSpy. Walifanyaje? WALIVITOA wakaacha mashimo. Kwenye maelezo wameorodhesha kabisa, hiki na hiki na hiki hakimo, tafuteni cha kuweka badala yake. Kodi ilivyotoka hata haikompailiki moja kwa moja. Watu hawakulia, walishika nyundo. Sauti unaweka OpenAL, video unaweka FFmpeg, zote za bure, GameSpy kuna seva za mashabiki. Kwa hiyo mtu akikwambia "kuna maktaba za watu" mwambie kata, acha shimo, tutaziba.

#33 Mnoko wa Leseni
Sawa, ila kukata nako kunahitaji mtu anayejua wapi pa kukata, wakili wa kupitia kabla na baada, na bosi wa kusaini. EA ni kampuni kubwa na ndani kulikuwa na watu waliolipenda jambo hilo. Narudi kwa Sauti, mbishi wa ndani.

#34 Fundi Nyaya
Mnoko na Sauti leo mnakubaliana, mvua itanyesha.

#35 Taa ya Njano
Mnapigania kodi wakati tatizo la mleta mada ni gemu kutochezeka. Ile kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa baada ya Ubisoft kuzima gemu lao la magari The Crew Machi 2024, kule Ulaya imepita sahihi milioni moja 2025, na haidai sosi kodi hata kidogo. Inadai ukilizima gemu uliache katika hali ya kuchezeka, basi. Pachi ya ofulaini, au programu ya seva watu waendeshe wenyewe. Hiyo ni rahisi kuikubali kuliko kodi nzima. KitufeX badilisheni ombi.

#36 Mchungaji wa Bagi
Taa hiyo inasaidia miaka mitano. Ukipewa seva iliyofungwa, mfumo wa kompyuta ukibadilika tena unarudi palepale, unaomba tena kwa watu ambao pengine hawapo. Kodi ndo dawa.

#37 Taa ya Njano
Dawa usiyopewa siyo dawa. Kubali kidogo kinachopatikana.

#38 Lagi Mkuu
Na seva iliyofungwa inabana machiti kidogo 😌

#39 Mchungaji wa Bagi
Lagi wewe ukiota unaota machiti.

#40 Dogo wa Godot
Wakuu swali la kando, kwa hiyo injini ya Unreal nayo ni ya wazi? Maana kodi yake naiona, nimejiunga nikapewa ruhusa.

#41 Mnoko wa Leseni
Dogo hapana. Unreal tangu 2014 unaruhusiwa kuiona na kuibadili kwa matumizi yako chini ya mkataba wa Epic, huwezi kuigawa kwa yeyote unayetaka. Kuona siyo kumiliki. Injini ya Godot ya jina lako ndo ya wazi, 2014 pia, leseni ya MIT, chukua fanya utakavyo. Na tofauti yake watu waliielewa 2023 Unity, wenye injini nyingine, walipotangaza kutoza kwa kila gemu linapoinstoliwa, mwaka mmoja mbele wakaifuta, ila imani ilishakimbia.

#42 Zeze la Usiku
Naona sasa tumefika Unity, kesho tutafika mwezini.

#43 KitufeX
Turudi basi. Nimeongea na wenzangu, tunaandika ombi la pili, kodi ya injini tu, Bink na Miles na GameSpy wakate wenyewe, data isiguswe. Kuna la kuongeza?

#44 Fundi Nyaya
Ongezeni hili, waambieni mtajitolea kusafisha nyie chini ya mkataba wa siri, watu wawili watatu waaminifu, halafu wao wakague ndo itoke. Unawaondolea gharama na unawaondolea aibu ya komenti, matusi yote mnayaona nyie mnayafuta kimya kimya. Ningeletewa ombi hilo wakati ule ningempelekea bosi mwenyewe.

#45 Sauti ya Korido
Na msilitume kwenye anwani ya huduma kwa wateja. Orodha ya majina si umeshaifungua? Angalia nani kati ya hao bado yuko pale.

#46 Zeze la Usiku
Hilo la Fundi hata mimi nitalisaini. Bado nasema siyo haki yenu, ila ombi la namna hiyo lina adabu.

#47 Lagi Mkuu
KitufeX jambo moja mkipewa. Gemu la majeshi la zamani kawaida kila kompyuta inapiga hesabu zake yenyewe na zinatumiana amri tu. Mkikompaili kwa kompaila (programu ya kukompaili) ya kisasa hesabu za desimali zinaweza kutofautiana kidogo mno, dakika kumi ndani ya mechi kifaru kwako kiko hai kwa mwenzako kimekufa, mechi inakatika. Aliye na toleo la zamani la dukani hataweza kucheza na nyie.

#48 Mchungaji wa Bagi
Kweli kabisa, na ndo maana kwenye Generals kuna wanaoendelea kuikompaili na Visual C++ 6, kompaila ya 1998, ili wacheze na wenye diski za zamani. Wengine wanasema achaneni na wa zamani, tuhame wote toleo jipya. Wamegawanyika.

#49 KitufeX
Yaani hatujapewa kodi na tayari tuna ugomvi wa kompaila?

#50 Mchungaji wa Bagi
Karibu kwenye chama. Mi niko upande wa Visual C++ 6.

#51 Dogo wa Godot
Mi upande wa kuhama wote. Nani anabaki na kompaila ya 1998 jamani.

#52 Bibi Pikseli
Mimi. Na bado ninayo kwenye diski yake.